Msumari Usio na Bati

Walimpiga Cikuru kuanzia saa tatu ya asubuhi mpaka jua likafika utosini, na katika waliompiga hapakuwa na hata mmoja ambaye yeye hakumjua kwa jina. Ilikuwa wiki ya pili ya Uhuru, mwaka wa sitini na mbili. Mzungu mwenye depo ya mawese pale Rumonge alikuwa amepanda gari lake kwenda Bujumbura na hakurudi tena. Funguo zote aliziacha kwenye pete moja, kwenye msumari mmoja, na kila aliyepita alichomoa ufunguo alioutaka. Siku hiyo mapipa matatu ya mawese hayakuonekana. Nani aliingia ndani? Wote waliingia. Nani alitoa? Hakuna aliyeona. Basi wakamkamata aliyekuwa karibu na mlango, mchukuzi aliyetoka Kivu, mtu asiye na mjomba wala shemeji wa kumsemea.

Walimpiga kwa mipini ya majembe. Walimpiga kwa mnyororo wa kufungia mitumbwi. Jicho lake la kushoto lilitoka likaning'inia shavuni, na mwanamke mmoja aliyekuwa akitazama akacheka, kisha akatapika.

Kabwe alikuwepo. Yeye naye alikuwa mchukuzi, naye alivuka ziwa kutoka upande wa Fizi kutafuta kazi. Hakuinua mkono kumpiga Cikuru, lakini sauti yake pia hakuiinua. Alishika kofia kifuani kama mtu aliye kanisani, akatazama. Baada ya siku tatu mapipa yalikutwa yamefukiwa nyuma ya nyumba ya kapita, msimamizi wa wachukuzi, na kapita huyo ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Cikuru alipona, Mungu akipenda mtu apone anapona. Jicho moja halikuwepo, na la pili lilibaki na utando mweupe, akawa anaona kivuli tu. Lakini Kabwe hakuweza kuisahau sauti ile. Cikuru hakulia kama mtu anayeumia. Alilia kama mtu anayeuliza swali, na hakuna anayemjibu.

Mwaka uliofuata depo ilinunuliwa na Bwana Murshid, mfanyabiashara Mwarabu wa Bujumbura. Aliwakusanya wachukuzi uani akauliza nani anaijua milango yote mitatu na makufuli yake. Wakamsukuma Kabwe mbele.

"Wewe unataka nini?" Bwana Murshid alimuuliza.

"Nataka kila mulango ujue batu yake, Bwana."

"Mlango ujue watu wake? Mlango una akili?"

Watu wakacheka. Kabwe naye akacheka kidogo, halafu akatoa mfukoni vipande vitatu vya bati alivyokata kwenye debe, akavipanga juu ya pipa.

Mpango wake ulikuwa huu. Mwenye bati la duara anapita mlango wa kwanza, anaangalia mali yake, hagusi kitu. Mwenye bati la mraba anapita wa kwanza na wa pili, anaweka mzigo ndani, hatoi. Na mwenye bati la pembetatu lenye mikato miwili ubavuni, huyo anafunguliwa mlango wa tatu, ghala la ndani, na anaruhusiwa kutoa. Wakamuzi wa mawese wa Kizuka wana ekipe yao, kikundi chao cha kazi, akina mama wa ndagala, wauza dagaa, wana ekipe yao, na wenye mitumbwi wana yao. Kila mtu na bati lake shingoni kwa uzi, na hakuna wa kukata bati ila Kabwe peke yake. Kitu kikipotea mlango wa tatu, wanaulizwa wenye pembetatu tu. Hatapigwa tena mtu kwa sababu alikuwa karibu.

Bwana Murshid alilinyanyua lile bati la pembetatu. "Na mlinzi wa mlango wa tatu?"

"Cikuru," alisema Kabwe.

"Kipofu?"

"Ndiyo maana, Bwana. Hataona sura ya rafiki."

Wakapiga bati juu ya mbao za mlango wa tatu, wakatia komeo la mti mgumu upande wa ndani, na kimo cha kiuno wakatoboa tundu la kupita mkono. Anayetaka kuingia anatia mkono na bati lake tunduni. Cikuru, ndani, analipapasa kwa vidole, anahesabu pembe, anahesabu mikato, kisha ndipo anavuta komeo.

"Usisikilize sauti, Yaya," Kabwe alimwambia, akimwita kaka mkubwa maana Cikuru alimzidi umri. "Sauti inadanganya. Hata mimi nikikuja bila bati, uniache inje."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Karani wa depo alikuwa Domitille, binti wa Bugarama, mwenye mwandiko mzuri aliofundishwa na masista. Yeye ndiye aliyeshika rejista: jina la mtu, jina la baba yake, mlima anakotoka, ekipe yake, umbo la bati lake. Kitabu hicho walikifungua watu wawili tu, Domitille na Kabwe. Kila Jumamosi adhuhuri watu walirudisha mabati nyumbani kwa Kabwe, na yeye aliyatundika kwenye ubao wenye misumari sitini na minne. Jumatatu wanayavaa tena.

Kupewa bati ilikuwa heshima. Ekipe nzima inasimama, kibuyu cha urwarwa, pombe ya ndizi, kinazunguka, mama wa mtu anapiga vigelegele, na Kabwe anamvalisha mtu huyo bati shingoni. Bwana Murshid, Mwislamu wa swala tano, alituma chai na maandazi na kujifanya hajui kilichomo kibuyuni.

Lakini kuvuliwa bati hakukuwa na sherehe wala utaratibu. Kumtoa mtu bati mbele za wenzake kungekuwa kama kumvua nguo sokoni. Kwa hiyo aliyeacha kazi aliachiwa alirudishe mwenyewe, kwa wakati wake, amelifunga kwenye jani la mgomba pamoja na sukari kidogo au kuku. Na wote walirudisha. Wote, ila mmoja.

Huyo alikuwa Sylvestre, mkamuzi wa Kizuka, mcheshi, mwimbaji wa kwaya, na baba wa ubatizo wa Bora, binti wa pekee wa Kabwe. Mwaka wa sitini na tisa ilijulikana kwamba anaazimisha pembetatu yake kwa shemeji yake. Bwana Murshid akamwondoa siku hiyo hiyo. Kabwe alimfuata njiani, mbele ya wenzake, mkono umenyooka.

"Baba Bora," Sylvestre alisema polepole, "nilimushika mutoto wako juu ya maji ya ubatizo. Leo utanivua mbele ya batu hawa? Nitaleta mwenyewe."

Mkono wa Kabwe ukashuka. "Utaleta lini?"

"Kwani ninakimbia? Nitaleta."

Hakuleta. Kabwe alikutana naye mara nyingi barabara ya Kizuka, wakasalimiana amahoro, yaani amani, wakaulizana wake na watoto. Jioni mke wake, Généreuse, alikuwa akimngoja na swali lile lile.

"Umeuliza bati?"

"Nimeuliza hali ya watoto."

"Watoto wanafungua mulango wa tatu?"

Domitille naye alimshauri. "Tubadili pembetatu zote, Baba Bora. Tukate mikato mitatu, ile ya zamani ife yenyewe."

"Nikibadili, mji mzima utasema nimemutangaza mwizi. Ni baba wa ubatizo wa mutoto wangu."

Akafunga uzi mwekundu kwenye msumari mtupu ili asiusahau. Miaka mitatu uzi ukachakaa, na macho yake yakauzoea hata hayakuuona tena.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Aprili, mwaka wa sabini na mbili. Adhuhuri mabati yaliletwa kama kawaida, yakatundikwa. Alasiri, soko likiwa bado limejaa, makundi ya watu wenye mapanga na mikuki yalishuka kutoka milimani na mengine yakatokea ziwani. Walikuwa Wahutu waliojiunga kwa silaha, nao walikuwa wakiwatafuta Watutsi. Yeyote aliyesimama kati aliangukia kati. Muuza chumvi alikatwa shingo akiwa bado ameshika kipimo. Mume wa Domitille, mwalimu, alikimbia na baiskeli yake mkononi badala ya kuiacha, wakamfikia kwenye daraja dogo, wakampiga panga la mgongo, la kichwa, la uso, na baiskeli ikabaki inazungusha gurudumu juu ya maji.

Domitille aliyaona hayo. Alikuwa na watoto wawili, mdogo amebebwa mgongoni na mkamuzi mmoja wa Kizuka. Kabwe alimkamata mkono, akamburuta hadi depo, na nyuma yao wakafuata wengine: akina mama wa ndagala, mwalimu mwingine, mzee wa posta, watoto ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Watu kumi na tisa. Kabwe alitia mkono wake na pembetatu tunduni, Cikuru akafungua, wakaingia kati ya mapipa.

"Kanuni ni ile ile, Yaya," Kabwe alimwambia. "Pembetatu, mikato miwili. Zingine zote, usifungue hata ukifa."

"Hata ukilia," alisema Cikuru, na komeo likarudi mahali pake.

Kabwe akakimbilia nyumbani. Alimkuta Généreuse na Bora wamejificha chini ya makuti ya michikichi nyuma ya nyumba, na hapo walilala, wakisikiliza watu wakiuawa. Mtu mmoja karibu nao alichukua muda mrefu kufa. Alikuwa akiomba maji kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, kama kwamba lugha ndiyo iliyokosewa.

Jumapili asubuhi Kabwe aliingia ndani ya nyumba akitambaa. Jambo moja tu lilikuwa kichwani mwake: ubao. Wauaji wakiingia humu watavaa mabati yote. Akayazoa kwa mikono miwili, akalivua na la kwake shingoni, akayatia yote kwenye mfuko wa unga, akautupa ndani ya choo cha shimo. Aliusikia ukizama. Akashukuru Mungu.

Aliporudi kuchukua blanketi la mtoto, aliutazama ubao mtupu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu akauona uzi mwekundu.

Généreuse alimshika shati. "Unakwenda wapi? Watakuua!"

"Sylvestre iko nayo."

"Alipoteza, labda alipoteza..."

"Jana nilimuona mu kundi. Alikuwa anaimba."

Shati likapasuka, Kabwe akaenda. Alipita kwenye mitaro, alipita juu ya maiti ya mwanamke aliyekuwa akimuuzia mihogo, na hakusimama. Alipoingia uani mwa depo, mlango wa kwanza ulikuwa umeshakatwakatwa na mashoka, wa pili unafuka moshi. Mbele ya mlango wa tatu walisimama watu kama kumi, wamelowa damu mpaka viwikoni. Shoka lilikuwa limeacha makovu kwenye bati lakini mlango ulikuwa umesimama. Katikati yao Sylvestre alikuwa akicheka, akivuta uzi kutoka ndani ya shati.

"Mujipumzishe," aliwaambia. "Munachosha mikono bure. Mimi iko na ruhusa."

"Yaya Cikuru!" Kabwe alipaza sauti. "Usifungue! Bati hiyo nimeifuta!"

Sylvestre aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. "Baba Bora! Umeifuta lini? Mbele ya nani?"

Kabwe akapapasa shingo yake tupu.

Kutoka ndani sauti ya Cikuru ilisikika, nzito, ya taratibu. "Baba Bora, tia bati yako mu tundu."

"Sina, Yaya. Nimezitupa zote."

Ndani mtoto alikohoa na mtu akamziba mdomo. Sylvestre akasogea, akainama, akatia mkono wake tunduni mpaka kiwiko, bati kati ya vidole.

"Hesabu, muzee," alisema. "Ulifundishwa kuhesabu."

Kabwe aliisikia kucha ya Cikuru ikipita ubavuni mwa bati. Pembe moja. Mbili. Tatu. Mkato. Mkato.

"Iko ya kweli," alisema Cikuru. Na komeo likaanza kusogea.

Sauti ya mti ule ukiteleza ndani ya chuma, Kabwe alikuwa ameisikia mara elfu na kuipenda, kwa sababu ilimaanisha mambo yako sawa. Sasa akajitupa. Alimrukia Sylvestre, akaushika ule uzi shingoni mwake, akauvuta kwa nguvu zake zote kumtoa mlangoni. Mtu mmoja wa kundi akainua panga. Halikuwa pigo la kulenga. Lilishuka kwenye mkono wa kuume ulioshika uzi, vidole vitatu vikaanguka kwenye vumbi kama vitu visivyo vya mtu, na Kabwe akalia.

Hakuita jina. Hakusema fungua wala usifungue. Alilia tu, sauti ya kuuliza, na wakati wenyewe alijua aliwahi kuisikia wapi.

Komeo likasimama.

"Nani analia?" aliuliza Cikuru.

"Fungua, mzee!" mtu wa panga alipiga kelele.

"Nimeuliza nani analia pale inje." Kisha kwa upole: "Ni Kabwe. Mimi ninajua kilio hicho. Kilikuwa changu."

Sylvestre alitaka kuuvuta mkono wake, lakini haukutoka. Kule ndani Cikuru alikuwa ameukamata kwa mikono yake miwili ya mchukuzi, na mikono hiyo, kwa miaka ishirini, ilinyanyua mapipa. Akavikunjua vidole kimoja kimoja. Kimojawapo kilivunjika, na kila mtu alikisikia. Akalivuta bati, uzi ukakatika.

"Domitille," alisema, "unaona?"

"Ninaona, Yaya."

"Na nyinyi wamama, munaona?"

"Tunaona," walijibu wanawake gizani mle.

"Basi imevuliwa mbele ya batu. Sylvestre wa Kizuka, hauna mulango tena hapa."

Sylvestre alipiga yowe, la kidole au la aibu, Mungu ndiye anayejua. Mwenzake akapitisha mkuki tunduni juu ya mkono wake, akausukuma mara moja, mara mbili, mara tatu. Ulitoka mwekundu. Mkono wa Sylvestre ukaachiliwa. Lakini komeo halikusogea. Cikuru alikuwa amerudi nyuma ya mlango, ameketi, mgongo wake umelikaza komeo, na uzito wa mwili wake ukafanya kazi hata pale roho yake ilipokuwa imekwisha ondoka.

Walipiga mlango tena kwa mashoka. Walileta majani makavu, wakayawasha, moto ukaramba bati na kukosa kitu cha kula. Halafu ikasikika bunduki upande wa barabara ya Bujumbura, moja, kisha nyingi, na filimbi ya kundi lao ikawaita. Wakati wa kuondoka mmoja alimpiga Kabwe kichwani kwa ubapa wa panga, akamwacha akidhani amekufa.

Ndani hawakufungua. Domitille alimsikia Kabwe akikoroma nje siku nzima, na hakufungua, ndivyo alivyofundishwa. Jioni Généreuse alifika, akamfunga mumewe mkono kwa kitenge, kisha akatia mkono wake mtupu tunduni. Domitille aliupapasa. Aliujua mkono huo, kila siku ulimletea vikapu vya ndagala pale depo. Wakamsogeza Cikuru kando, na mlango ukafunguka. Watu kumi na tisa walitoka, wamelowa mawese na damu ya mtu mmoja.

Baada ya siku chache jeshi liliingia Rumonge, na kuua hakukwisha, kulibadili tu mikono. Sasa waliotafutwa walikuwa Wahutu, aliyeshika panga na ambaye hakuwahi hata kulinoa. Walikuja na karatasi zenye majina. Aliyesoma, aliyekuwa na baiskeli, aliyekuwa na redio. Walipakiwa kwenye kamyo, malori ya jeshi, wakiwa wima, na kamyo zilirudi tupu.

Ofisa mmoja alifika nyumbani kwa Kabwe, ambaye alikuwa mkekani na homa, mkono umevimba kama mguu. Domitille alikuwepo, amekuja kuosha kidonda.

"Sylvestre wa Kizuka ndiye aliyewaongoza waliokukata?"

"Ndiye," alisema Kabwe. "Nilimuona. Andikeni jina lake, nitaapa."

"Huyo amevuka ziwa. Tunataka ekipe yake. Depo yenu ina rejista, wakamuzi wote wamo, na baba zao, na milima yao."

"Wako arobaini. Batu batatu ao bane ndio walikuwa mu kundi."

"Lete kitabu, sisi tutachagua." Ofisa alimgeukia Domitille, sauti ikalainika. "Mama, tumesikia ya mumeo. Pole. Nitarudi saa sita."

Alipotoka, Domitille akarudi kukamua kitambaa cha kidonda. Kitabu kilikuwa nyumbani kwake, chini ya godoro. Kabwe alijua, naye alijua kwamba Kabwe anajua.

"Domitille, mwanangu," alisema Kabwe. "Kitabu kile nani iko na haki ya kukifungua?"

"Mimi na wewe." Halafu akaropoka, na mate yakamtoka. "Lakini nitampa! Walimkata uso, Baba Bora! Sikuweza kumbusu mahali popote, hapakuwa na mahali! Mtu alipe. Mtu yeyote wa Kizuka alipe!"

Kabwe hakumkemea. Alinyanyua ule mkono wake uliofungwa, akautazama. "Siku ile walimupiga Cikuru," alisema, "walitaka mutu yeyote alipe. Mimi nilishika kofia."

Domitille alitoka bila kuaga. Généreuse alitaka kumkimbilia, Kabwe akamzuia. Saa tano ikapita. Kabwe alikuwa ameshaanza kusali sala ya wanaokufa, si kwa ajili yake.

Kabla ya saa sita Domitille alirudi, na kitu kimefungwa kwenye kanga kifuani kama mtoto. Uani Généreuse alikuwa akichemsha ngazi, matunda ya michikichi, kwenye pipa lililokatwa, moto mkali chini. Domitille akachuchumaa. Akafungua kitabu, akasoma kwa sauti jina moja la ekipe ya wakamuzi.

"Abdul, mwana wa Zahor. Huyu alimbeba mtoto wangu mgongoni siku ile. Alimfikisha mlangoni pa depo, akarudi kutafuta wengine."

Akachana ukurasa, akautia motoni. Akachana mwingine. Mwandiko wake mzuri ulipinda, ukawa mweusi, ukapanda juu pamoja na harufu ya mawese.

Ofisa aliporudi aliambiwa kitabu kiliungua siku ile pamoja na mlango wa pili. Hakumwamini Kabwe. Askari wake wakamtoa mkekani, wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka mbavu zikavunjika, mbele ya mke wake na Bora. Ofisa alimuuliza Domitille mara tatu, na mara tatu Domitille, mjane wa mwalimu, alimtazama machoni akamjibu lile lile. Basi wakaondoka.

Si kwamba walikosa watu. Kule Kizuka walichukua kwa kusingiziwa, walichukua kwa sura, na wengi hawakurudi, Mungu awapumzishe. Lakini waliingia bila kitabu, wakichelewa, wakiuliza nyumba kwa nyumba, na katika wale arobaini, ishirini na watano walipata siku mbili za kufikia mitumbwi na kuvukia Tanzania. Na Sylvestre alikuwa ameshavuka kabla yao, mzima, na kidole kilichopinda. Hilo nalo Kabwe alilibeba.

Mwaka mmoja ulipita kabla ya Bwana Murshid kufungua depo tena. Alimkuta Kabwe amekonda, anatembea ameinama upande wa mbavu.

"Kata mabati mapya," alimwambia.

"Nitaonyesha jinsi ya kukata, Bwana. Mukasi siwezi kushika. Na iko kanuni moja imeongezeka: anayeondoka, bati inatoka shingoni siku hiyo hiyo, mbele ya batu, hata kama ni ndugu, hata kama ni baba wa ubatizo."

"Watu watakasirika."

"Tutaanza na mutu ambaye hatakasirika."

Jumatatu ekipe zilisimama uani, chache, zenye mapengo. Ubao ulikuwa umepigiliwa upya, na juu yake palikuwa na bati moja la zamani, pembetatu yenye mikato miwili, ambalo Domitille alilitoa kwenye ngumi ya Cikuru kabla ya kumzika. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa Sylvestre. Uzi mwekundu haukuwepo.

Kabwe alikuwa amevaa pembetatu mpya. Akaenda mbele ya Domitille, akainamisha kichwa.

"Mikono yangu haiwezi tena komeo," alisema ili wote wasikie. "Mulango wa tatu si wangu. Nivue."

Domitille aliinua mikono, kisha akaishusha. "Baba Bora, siwezi. Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele yao ndiyo. Nivue, mwanangu."

Akamvua. Hakuna aliyecheka, wala kibuyu hakikuzunguka. Mama mmoja wa ndagala alianza vigelegele, peke yake, sauti inatetemeka, na wengine wakaipokea. Domitille akaenda kwenye ubao, akalitundika bati la Kabwe, akahesabu misumari kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, na hapakuwa na bati hata moja lisilojulikana liko wapi.